Risala kwa Mgeni Rasmi: Ombi la Ruzuku za Utafiti wa Awali kwa Wahudumu wa Afya wa Mombasa

Assalaam alaykum, Bwana asifiwe, na hamjambo nyote.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wakuu wa idara ya afya, wasimamizi wa hospitali na zahanati, viongozi wa dini, wazee wa mitaa, wahudumu wa afya ya jamii kutoka Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu, mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa.

Kwa niaba ya kikundi chetu cha wauguzi, maafisa wa kliniki, wataalamu wa maabara, wafamasia na madaktari, nakukaribisha kwa mikono miwili. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Sisi ambao kazi yetu ni kuponya wengine, leo tumekuja kuponywa.

Kikundi hiki kilizaliwa baada ya mlipuko wa homa ya dengi wa 2013 na 2014 hapa Mombasa. Chikungunya ikatuvamia mwishoni mwa 2017 hadi 2018, korona ikaja 2020, na dengi ikarudi 2021. Katika yote hayo tulisimama imara. Historia yetu ni ndefu, Mheshimiwa, lakini tunajua una ratiba.

Mafanikio yetu ni makubwa na tunayatangaza kwa fahari. Kila Alhamisi jioni wanachama hukutana kusoma na kuchambua majarida ya tiba, jambo ambalo limeinua pakubwa kiwango cha huduma katika vituo vyetu. Wanachama kadhaa wamepata vyeti vya kanuni za utafiti bora wa kitabibu. Tumefungua daftari la wagonjwa wa homa ambalo tunaamini ni hazina ya kaunti nzima. Zaidi ya hayo, tumeandika itifaki kamili ya utafiti wetu wenyewe, yaani mpango wa jinsi utakavyofanywa, ikapita kwenye kamati ya maadili, na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi inayoruhusu utafiti, tukaipata. Ada zote hizo zilitoka mifukoni mwa wanachama, na miongoni mwao wamo wauguzi wa kandarasi ambao mishahara yao, kama unavyofahamu, haifiki kwa wakati.

Sasa naomba usikivu wako kwa jambo lililotuleta hapa.

Mgonjwa anaingia zahanati ya Kisauni akiwa na homa kali, macho yanamuuma kwa nyuma, viungo vimekaza. Anapimwa malaria, haipo. Anaandikiwa antibiotiki na dawa ya maumivu, anarudi nyumbani. Siku ya nne au ya tano homa inashuka. Nyumbani wanamshukuru Mungu, wanampikia uji. Na hapo ndipo dengi inapoweza kuua: maji ya damu huanza kuvuja kutoka kwenye mishipa, tumbo linauma, anatapika mfululizo, ufizi unatoa damu. Kama maumivu yalimpeleka duka la dawa akachomwa sindano ya diklofenaki, hatari ya kuvuja damu huongezeka. Akirudishwa hospitali mapema, dripu inayopimwa kwa uangalifu humwokoa. Akichelewa, tunampokea wakati mkono hauna mpigo wa kushika.

Swali letu ni jepesi kulitamka. Je, muuguzi akimpigia simu mgonjwa huyo kila siku baada ya kumruhusu kwenda nyumbani, na kumuuliza kuhusu dalili hizo za hatari kwa Kiswahili au Kidigo anachokielewa, tutawanasa wanaozidiwa kabla hawajafika pabaya? Kipimo cha haraka cha NS1, kinachotambua dengi katika siku za mwanzo za homa, kipo sokoni. Simu zipo. Wauguzi wapo. Tusichojua ni kama watu watapokea simu, kama watarudi wakiambiwa warudi, na ni wangapi watazidiwa, ili tukadirie utafiti mkubwa uwe wa ukubwa gani.

Huo ndio utafiti wa awali, Mheshimiwa. Hautoi dawa mpya wala hautangazwi gazetini. Lakini wafadhili wakubwa huuliza hayo hayo kabla hawajafungua mkoba: mmesajili wagonjwa wangapi kwa mwezi, wangapi walibaki hadi mwisho, takwimu zenu za mwanzo ziko wapi? Bila takwimu hupewi fedha, na bila fedha huzipati takwimu. Wenzetu wenye taasisi kubwa huvuka pengo hilo kwa fungu la ndani. Marekani, mpango wa CTSA wa kukuza utafiti wa tiba, ulioanzishwa mwaka 2006 na NIH, taasisi za taifa za afya za nchi hiyo, huvipa vyuo na hospitali fedha, navyo hukata sehemu ya kutoa ruzuku ndogo za muda mfupi ili wazo la maabara au la wodini lijaribiwe. Hapa kwetu sheria ya sayansi, teknolojia na ubunifu ya 2013 ilitaja asilimia 2 ya pato la taifa kwa ajili ya utafiti. Hatujafika hapo, na muuguzi wa Likoni hajaonja hata tone.

Pengine kuna anayejiuliza kwa nini kaunti yenye upungufu wa glavu itumie fedha kwa maswali. Tunamjibu kwa mfano wa jirani. Kwa miaka mingi mtoto aliyeletwa amezidiwa na homa kali, mikono na miguu imepoa na damu haizunguki vizuri, alikuwa akimiminiwa dripu nyingi kwa haraka. Vitabu viliagiza hivyo. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania, Kilifi ikiwemo. Katika saa 48 za kwanza, kwa kila watoto 100, waliokufa kati ya waliomiminiwa dripu ya haraka walizidi wenzao wasiomiminiwa kwa takriban watatu. Hakuna daktari aliyekusudia ubaya. Ni kwamba kabla ya hapo hakuna utafiti mkubwa uliouliza swali hilo kwenye wodi za huku kwetu, kwa watoto wa huku kwetu. Mwenye mtoto hapa ukumbini na aamue kama swali lile lilikuwa anasa.

Mheshimiwa, tunakuheshimu, na kwa sababu hiyo hatutakuficha. Wewe si mgeni wa kwanza kusimama hapa. Mgeni mmoja aliyekutangulia alituahidi friza ya kuhifadhi sampuli katika nyuzi 80 chini ya sifuri. Tulifurahi mno. Tukahamisha makabati, tukapaka chumba rangi, fundi akavuta waya wake wa umeme na soketi yake. Soketi ipo mpaka leo. Chumba tunawekea viti vya plastiki, na sampuli zetu bado zinavuka Likoni kwa feri ndani ya kisanduku cha barafu kilichoshikwa magotini na mtaalamu wa maabara, anayeomba Mungu feri isikawie. Aliyemfuata alituahidi fungu la utafiti. Aliandika kwenye kijitabu chake mbele yetu, tukapiga makofi. Barua zetu zilijibiwa kwamba suala letu linashughulikiwa. Tunaamini bado linashughulikiwa.

Wakati huo wote, kibali cha maadili kina muda wake, na leseni pia. Vikiisha hulipiwa upya. Wanachama wamekwisha kuchanga ada za kuhuisha vibali vya utafiti ambao haujampima mgonjwa hata mmoja. Daktari mmoja kijana, mwerevu sana, aliyeandika sehemu kubwa ya itifaki yetu, ameondoka kwenda kusoma nje, na hatuna la kumwambia ili arudi.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu mkubwa, tunaomba hivi. Kaunti itenge shilingi milioni 6 kwa mwaka kwa ajili ya ruzuku za utafiti wa awali, zitolewe kwa miradi 8, kila mmoja usizidi shilingi 750,000. Fedha hizo zinunue vipimo na kemikali za maabara, zilipe ada za vibali, muda wa hewani, nauli ya mgonjwa anayerudi kuchunguzwa, na mtakwimu wa kutusaidia tusije tukajidanganya kwa hesabu mbovu. Kila mradi uwe na mtu wa wodini na mtu wa maabara, ili kinachoonekana kwenye hadubini kimfikie mgonjwa kitandani. Waamuzi watoke nje ya kikundi chetu, hatutaki kujigawia. Nusu ya fedha itolewe mwanzo, nusu baada ya ripoti ya kati. Na matokeo, yawe mazuri au mabaya, yasomwe kwa Kiswahili kwenye baraza la mtaa walikotoka wagonjwa, maana damu iliyopimwa ni yao.

Tungeweza kuomba mengi: muuguzi mtafiti apewe siku moja kwa wiki bila zamu, intaneti ya uhakika, na friza ile. Hayo yanaweza kungoja. Fungu haliwezi, kwa sababu makadirio ya bajeti yanapaswa kufika bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, na kisichoandikwa humo hakipo hadi mwaka mwingine wa fedha. Mvua za masika zikija, mapipa na madumu tunayohifadhia maji kwa sababu ya mifereji mikavu yatajaa mbu wa aedes, wanaoeneza dengi na kuuma mchana kweupe, na sisi tutakuwa wodini na swali lile lile.

Hatukuombi utoe chochote mfukoni mwako, wala hatukuombi ahadi. Tunaomba utuachie jina la afisa mmoja atakayebeba ombi hili hadi kwenye makadirio, na tarehe ambayo tutafika ofisini kwake. Katibu atakukabidhi nakala ya risala hii pamoja na itifaki na bajeti ya mradi wetu. Nafasi ya jina na tarehe imeachwa kwenye ukurasa wa mwisho, na nakala ya pili itabaki nasi ikiwa na saini yako.

Tunakushukuru kwa kuja na kwa kutusikiliza.

Imesomwa kwa niaba ya wanachama wote,
Mombasa.