Barua kwa Mwanangu: Siku Yetu Moja Palazzo Pitti

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Baada ya salamu, nakuarifu kwamba sisi sote hapa Unguja hatujambo. Bibi yako goti bado linamsumbua lakini anakula vizuri, na baba yako anakusalimu sana na kukuombea dua kila baada ya sala ya alfajiri. Barua yako nimeipata, na nimeisoma mara mbili. Unaniuliza, nikija Novemba kukutembelea huko Bologna, siku ile moja tutakayokwenda Florence ningependa tuone nini, na unasema wenzako wa chuoni wamekupa orodha ndefu ya makanisa, minara na makumbusho. Washukuru kwa niaba yangu. Lakini baada ya kulifikiria jambo hili kwa siku kadhaa, rai yangu ni kwamba siku hiyo yote tuipe nyumba moja tu, nayo ni Palazzo Pitti, na ndani ya nyumba hiyo tuanze na Galleria Palatina, yaani vyumba vyake vya picha, na tusiwe na haraka ya kutoka.

Nina sababu ya kusema hivyo. Nilipokwenda Italia mwaka 2009 kwa ajili ya semina ya walimu, nilipata siku moja na nusu ya kukaa Florence. Niliteremka kwenye treni siku ya Jumatatu, nikatembea hadi kwenye jumba hilo, nikakuta milango imefungwa, kwa sababu sikuwa nimefanya jambo dogo la kuuliza kwamba Jumatatu ndiyo siku yake ya mapumziko. Kesho yake nikarudi nikiwa na saa tatu tu mkononi kabla ya treni ya Roma, na nikaamua kuona kila kitu. Nilipita vyumba vyote mbio kama mtu aliyekutwa na mvua njiani, shingo ikiniuma kwa kutazama dari, na nilipoketi kwenye treni nikagundua kwamba katika picha zipatazo 500 nilizopita mbele yake, niliyoweza kuikumbuka sawasawa ni moja. Kwa miaka yote hii nimekuwa nikitamani kurudi, na sasa Mungu amenipa sababu ya kurudi nawe.

Kwanza uijue nyumba yenyewe. Ilianzwa katika karne ya 15 na Luca Pitti, tajiri wa benki, ambaye jina lake limebaki ingawa mali haikubaki. Karne iliyofuata ilinunuliwa kwa ajili ya Eleonora wa Toledo, mke wa Cosimo I wa ukoo wa Medici, na tangu hapo ikawa makazi ya watawala: Medici kwanza, kisha ukoo wa Lorraine, na baadaye wafalme wa Savoy, ambao waliishi humo Florence ilipokuwa mji mkuu wa Italia kuanzia 1865 hadi 1871. Ikawa mali ya taifa mwaka 1919. Ukiitazama kutoka kwenye uwanja wake unaopanda kama mteremko wa kilima, utadhani ni ngome, kwa maana ukuta wa mbele ni wa mawe makubwa ya rangi ya hudhurungi, yaliyoachwa bila kulainishwa.

Ndani hali ni nyingine kabisa, na hapa ndipo ninapotaka uwe na subira. Makumbusho uliyoyazoea hupanga picha kwa karne na kwa mchoraji, moja moja, ukuta mweupe ukiwa umeachwa wazi pande zote. Palatina haiko hivyo. Picha zimetundikwa kama mabwana wenye nyumba walivyozitundika, fremu ya dhahabu ikigusana na fremu ya dhahabu, safu juu ya safu hadi karibu na dari, kwa kufuata uwiano na furaha ya macho tu. Umri wa picha haukuangaliwa. Mtu aliyezoea mpangilio wa shule hukasirika. Mimi naona ndiyo heshima ya mahali penyewe, kwa sababu unaingia sebuleni mwa watu, na sebule haipangwi kama kitabu cha kiada.

Vyumba vitano vikubwa vinavyofuatana vimepewa majina ya miungu ya kale ya sayari na jua: Venus, Apollo, Mars, Jupiter na Saturn. Dari zake zilibuniwa na Pietro da Cortona katika miaka ya 1640, na mwanafunzi wake Ciro Ferri akazikamilisha. Picha hizo za darini zinasimulia malezi ya mwana wa mfalme, jinsi anavyotolewa katika starehe na kupitishwa katika elimu, vita na uongozi hadi uzeeni. Tutakapofika, tuketi popote patakaporuhusiwa na tutazame dari moja kwa utulivu, kisha hizo nyingine tuzipite bila majuto.

Picha niliyokuambia kwamba niliikumbuka iko katika chumba cha Saturn. Ni ya Raphael, aliyoichora takriban mwaka 1513 au 1514, na huitwa Madonna della Seggiola, yaani Bi Mariamu wa kwenye kiti. Ni ya duara, kipenyo chake kama sentimita 71, kwa hiyo ni ndogo kuliko sinia letu kubwa la pilau la sikukuu. Mama amejifunga kilemba chenye mistari, mabegani ana mtandio wa kijani uliotariziwa, na mtoto amemkumbatia kiasi kwamba goti la mama limeinuka kumzuia asiteleze. Kiwiko cha mtoto kimezama ndani ya mtandio ule. Pembeni kuna mguu wa nyuma wa kiti, umechongwa kwa duara na kupakwa dhahabu, na nyuma yao mtoto mwingine, Yahya, ameinua macho. Wote wamekunjwa ndani ya duara bila kubanwa. Mama anakutazama usoni moja kwa moja, na kichwa chake kimeegemea kichwa cha mwanawe. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikikupakata jioni barazani nikiwa nimejifunga kanga, umeme ukikatika, na ndiyo maana nilisimama pale hadi mlinzi wa chumba akanisogelea. Najua mafundisho yetu kuhusu picha za mitume, nami nayaheshimu. Lakini mikono ile ya mama imechorwa na mtu aliyewatazama wanawake wakibeba watoto, na kwangu hilo ni jambo la kujifunza.

Picha ya pili ninayotaka tuipe muda ni ya Rubens, katika chumba cha Mars, nayo inahusu matokeo ya vita. Ni kubwa, upana wake unazidi mita tatu, na aliichora karibu mwaka 1638, wakati sehemu kubwa ya Ulaya ilikuwa ikiungua kwa Vita vya Miaka Thelathini. Mars, mungu wa vita wa Warumi wa kale, anatoka na upanga wenye damu huku Venus, mungu wa kike wa mapenzi, akimvuta mkono kumrudisha. Tazama chini ya miguu yake: anakanyaga kitabu. Karibu naye ameanguka mwanamke mwenye zeze lililovunjika, na kuna mama aliyemshika mtoto wake kwa hofu. Yule mwanamke wa nguo nyeusi upande wa kushoto, aliyeinua mikono mbinguni, Rubens mwenyewe alieleza katika barua kwamba ni Ulaya inayoomboleza. Wewe unayesomea historia utaona mengi zaidi kuliko mimi, na ningependa unieleze tukiwa tumesimama hapo hapo.

Sasa nije kwenye jambo linalonifanya niipende nyumba hiyo kuliko zote. Mwaka 1737 mtawala wa mwisho wa Medici alifariki bila mrithi, na dola ikapewa ukoo wa Lorraine. Dada yake, Anna Maria Luisa, alikuwa mwanamke wa miaka sabini, mjane, asiye na mtoto wala jeshi. Alichokuwa nacho ni hazina ya ukoo: picha, sanamu, vitabu na vito. Akatia saini mkataba na mtawala mpya kwamba vyote hivyo vitabaki Florence, kisitolewe chochote nje ya mji mkuu na dola yake, viwe pambo la dola, manufaa kwa umma na kivutio kwa wageni. Mwanangu, mimi nilisimama Forodhani siku chache baada ya sehemu ya Beit al-Ajaib kuporomoka tarehe 25 Desemba 2020, nikaona vumbi na mbao za jumba ambalo babu yako alinipeleka nikiwa mdogo. Kwa hiyo ninaposoma habari za bibi huyu aliyeketi na wanasheria wake ili nyumba yake isitawanywe, nashikwa na heshima kubwa sana.

Hata hivyo mkataba haukuzuia kila kitu. Jeshi la Ufaransa lilipoingia Florence mwaka 1799 lilibeba makumi ya picha za jumba hilo kwenda Paris, na ile ya Bi Mariamu ikiwamo. Zilirudishwa baada ya Napoleon kushindwa mwaka 1815. Sanamu ya kale ya Venus ya ukoo wa Medici nayo ilichukuliwa, ndipo mchongaji Canova akachonga Venus mpya ya marumaru kuziba pengo. Ile ya kale ilirudi na sasa iko Uffizi, makumbusho mengine ya Florence. Ya Canova utaiona Pitti, katika chumba cha Venus.

Kuhusu mipango, Alhamisi uliyosema huna darasa inafaa, kwani jumba hufunguliwa Jumanne hadi Jumapili kuanzia saa 2:15 asubuhi. Jumapili ya kwanza ya mwezi kuingia ni bure, lakini tuiepuke kwa ajili ya msongamano. Tafadhali kata tiketi mapema kwenye tovuti rasmi ya makumbusho yenyewe, si kwa wachuuzi wa barabarani. Lile punguzo la vijana wa miaka 18 hadi 25 ni la raia wa Umoja wa Ulaya, kwa hiyo weka hesabu ya bei kamili kwa sisi sote wawili, na fedha nitakutumia. Angalia pia kama kuna vyumba vilivyofungwa kwa matengenezo. Treni ya mwendokasi kutoka Bologna haizidi dakika 40, na kutoka stesheni ya Santa Maria Novella tutatembea polepole, tukivuka mto Arno kwa Ponte Vecchio, daraja ambalo zamani lilikuwa la wachinjaji hadi walipoondolewa mwaka 1593 na kuwekwa masonara. Njoo na mkoba mdogo tu.

Bustani ya Boboli iliyo nyuma ya jumba ina miinuko mingi. Tutaiamua mchana, kutegemea miguu yangu. Na kama ukirudi mwenyewe siku nyingine kuona Uffizi, inua macho juu kabisa kwenye kuta za ukumbi wake mrefu: kati ya picha za watawala wa dunia yumo Lebna Dengel, mfalme wa Ethiopia, aliyechorwa katika karne ya 16.

Miadi yangu ya viza ni wiki ijayo, na barua yako ya mwaliko bado sijaipata. Itume kabla ya Ijumaa, pamoja na nakala ya kibali chako cha ukaazi. Na unijulishe kama nikuletee karafuu na ubani, au vile vya safari iliyopita bado havijakwisha.

Wako akupendaye,
Mama