Utafiti wa magonjwa ya kinywa uanzie kwenye kichupa

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme jambo moja kuhusu magonjwa ya utando wa kinywa, yaani ile ngozi laini yenye unyevu inayofunika mashavu kwa ndani, midomo, ulimi, kaakaa na ufizi. Kila panapozungumzwa utafiti wa magonjwa haya, watu hutaja mashine mpya na programu za kompyuta. Kwa huku kwetu Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, tatizo liko kwenye kichupa chenye kinyama kilichokatwa mdomoni mwa mgonjwa ili kikapimwe maabara, na kwenye fomu iliyofungwa pamoja nacho kwa mpira. Kinyama kikishaoza njiani, hakuna hadubini itakayokifufua.

Sababu ya kulisema hili huku si ya kutafuta. Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima yakiwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya. Kinga ikishuka, mdomo huwahi kusema: fangasi weupe wanaofutika, mabaka meupe yenye mikunjo pembeni mwa ulimi, madoa ya zambarau ya saratani ya Kaposi kwenye kaakaa. Yale mabaka ya pembeni mwa ulimi yalielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1984 na Deborah na John Greenspan wa San Francisco, na baadaye ikathibitika kwamba yanaletwa na kirusi cha Epstein-Barr. Walifika huko kwa vinyama vilivyokatwa na kuhifadhiwa vizuri. Sisi wenye wagonjwa wengi hivi tungekuwa na mengi ya kuuambia ulimwengu.

Kabla ya kisu kuna macho na vidole. Mgonjwa avue meno ya bandia. Midomo igeuzwe, mashavu yavutwe, ncha ya ulimi ishikwe kwa kipande cha shashi na kuvutwa kushoto kisha kulia, kwa sababu saratani hupenda kujificha pembeni mwa ulimi kwa nyuma na chini yake, mahali ambapo kusema "fungua mdomo" tu hakufiki. Tochi ya simu inatosha. Baka jeupe lifutwe kwa shashi: likitoka na kuacha wekundu, mara nyingi ni fangasi. Shavu linyooshwe: weupe hafifu wa kijivu unaopotea ukinyoosha ni hali ya kawaida kabisa kwa watu weusi, si ugonjwa, na unawatia watu hofu bure. Mistari myeupe kama utandabui kwenye mashavu yote mawili hufikirisha likeni plana, ugonjwa wa muda mrefu wa ngozi na utando. Kisha gusa. Kidonda chenye kingo ngumu kama gegedu kisisubiri wiki.

Muulize pia mgonjwa alipaka nini. Wapo wanaobandika aspirini kwenye ufizi ili kutuliza jino, ikaunguza utando ukawa mweupe. Mtu akitazama bila kuuliza anaandika ugonjwa ambao haupo. Na ile dawa ya zambarau ya kupaka (GV), tunawasihi wauza dawa, isipakwe kabla kidonda hakijaonwa na daktari. Inaficha rangi yote, na rangi ndiyo nusu ya utambuzi.

Kipimo cha muda ni wiki mbili. Utando wa shavu hujifanya upya ndani ya takriban siku 14, na vile vidonda vidogo vya kawaida vyenye duara jekundu, visivyozidi sentimita moja, hupona ndani ya siku 7 hadi 14. Kwa hiyo ukishaondoa kinachokwaruza, iwe jino lenye ncha au meno ya bandia yaliyolegea, kidonda kikazidi wiki mbili, kikatwe kinyama. Baka jekundu lenye mguso wa mahameli lisilo na sababu ya wazi ni la kuogopa zaidi kuliko jeupe, ingawa jeupe ndilo linalotisha macho. Shafer na Waldron walipopima vinyama vya mabaka mekundu ya namna hiyo huko Marekani mwaka 1975, takriban 9 kati ya 10 vilikuwa tayari ni saratani au vimekaribia kabisa kuwa saratani.

Sasa kisu chenyewe. Ganzi ichomwe kandokando ya kidonda, isichomwe ndani yake, kwa kuwa maji ya ganzi hutenganisha tabaka za utando na msomaji wa slaidi, yaani mtaalamu anayekisoma kinyama kwa hadubini, atadhani ni uvimbe wa ugonjwa. Kinyama kichukuliwe ukingoni, penye kidonda na nyama nzima pamoja. Katikati ya kidonda kuna nyama iliyokufa tu, na majibu yake yatakuwa "nyama iliyokufa, rudia". Milimita 5 kwa upana zinatosha, lakini kina kifike chini ya utando, kwani swali kuu la saratani ni kama seli zimevuka mpaka na kuzama. Ukileta gamba la juu, swali halijibiki. Kibano kisibane pale panapotakiwa kusomwa. Seli zikipondwa huwa kama wino uliomwagika. Pitisha uzi wa kushonea pembeni mwa kinyama uutumie kukinyanyulia. Kabla ya kukitumbukiza, kilaze juu ya kipande cha karatasi, upande wa jeraha chini, kwa dakika moja hivi, kisijikunje.

Tunakuja kwenye kichupa. Kiwe na mdomo mpana. Vichupa vya sindano vilivyooshwa vinapendwa kwa kuwa vipo kila mahali, ila kinyama huingia kikiwa laini, kinakauka ndani ya dawa na kuwa kigumu, na kukitoa ni kukivunja kichupa au kukikata kinyama. Dawa ya kukihifadhi kinyama ni fomalini ya asilimia 10, na hapa hesabu huwapotosha wengi: fomalini inayonunuliwa ina fomaldehaidi ya asilimia 37 hadi 40, na hiyo huchanganywa sehemu moja kwa sehemu tisa za maji. Kwa lita moja weka mililita 100 za fomalini, mililita 900 za maji yaliyochujwa kwa mvuke, gramu 4 za fosfati ya sodiamu yenye haidrojeni mbili na gramu 6.5 za ile yenye haidrojeni moja. Chumvi hizo si pambo. Bila hizo dawa huwa tindikali, na kwenye nyama yenye damu huacha chembe za kahawia zinazofanana mno na chembe za malaria, jambo linalomkera msomaji wa slaidi katika nchi kama yetu.

Dawa iwe angalau mara 10 ya ujazo wa kinyama, afadhali mara 20. Kinyama cha ukubwa wa punje ya hindi huhitaji mililita 20 kwa raha. Kuna jambo la kuangaliwa huku kwetu: katika baridi ya Juni na Julai, kule Makete na Njombe, fomalini kali isiyochanganywa hutengeneza masimbi meupe chini ya chupa. Huo ni uthibitisho kwamba nguvu yake imepungua, kwa hiyo usichote ya juu ukadhani uko salama. Baridi hiyohiyo hupunguza kasi ya dawa kupenya, basi kinyama kikae kwenye joto la chumba saa 24 kabla ya kupakiwa kwenye basi. Kwenye friza kisiwekwe kamwe. Barafu hupasua seli. Wala dawa hii isihifadhiwe kwenye chupa ya maji ya kunywa, hata kwa siku moja, hata ikiandikwa.

Kinyama kilichotumwa kwa maji ya chumvi tu, kwa safari ya zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam, hufika kikiwa kimeoza. Lakini kuna ugonjwa unaogeuza kanuni hii. Pemfigasi huvunja gundi inayoshikamanisha seli za utando. Malengelenge hupasuka haraka, mgonjwa anabaki na vidonda vinavyochubuka na hali chakula. Beutner na Jordon walionyesha mwaka 1964 kwamba damu ya wagonjwa hawa ina kingamwili zinazoshambulia utando wao wenyewe. Kingamwili hizo huonekana kwa rangi inayong'aa chini ya hadubini maalumu, na fomalini huziharibu. Kwa mgonjwa wa namna hii kata vinyama viwili: cha ukingo wa lengelenge kiende kwenye fomalini, na cha pili, kutoka kwenye utando unaoonekana mzima karibu na lengelenge, kiende kwenye kimiminika cha Michel, ambacho huhifadhi kinyama bila kuziharibu kingamwili. Kama hicho hakipo, hapo maji ya chumvi yanafaa, mradi kifike maabara ndani ya saa 24. Kwa hiyo piga simu kwanza, ujue basi linaondoka saa ngapi na nani atapokea.

Fomu ndiyo inayotuuma zaidi. "Kidonda mdomoni, ? saratani" si maelezo. Msomaji wa slaidi hamwoni mgonjwa. Andika umri, jinsia, mahali hasa, kushoto au kulia, ukubwa kwa milimita, rangi, ugumu, kimekaa muda gani, hali ya VVU na dawa anazotumia. Kuhusu tumbaku, "anavuta: ndiyo" haisaidii utafiti wowote. Tafiti nyingi za tumbaku na magonjwa haya zimefanywa India, kwa watafunaji wa tambuu. Huku tuna sigara, kiko, ugoro, na tumbaku inalimwa hapohapo Chunya. Andika anatumia nini, mara ngapi kwa siku, kwa miaka mingapi, na ugoro anauweka wapi mdomoni. Baka likiwa palepale anapouweka, hiyo ni habari. Jina na namba viandikwe kwenye ubavu wa kichupa, si kwenye kifuniko, kwa penseli au wino usiofutwa na fomalini. Vifuniko hubadilishana.

Kuhusu picha za simu zinazorushwa kwenye makundi ya madaktari, hatuzipingi. Kidonda kikaushwe mate kwanza, kiwekwe kirula kidogo kando, na uso wa mgonjwa usionekane. Picha zinasaidia kuamua nani akatwe leo na nani arudi. Kuona kama seli zimeanza kuharibika ndani ya baka jeupe, haziwezi.

Kwa wagonjwa: kukatwa kinyama hakusambazi saratani, na maneno hayo yamewachelewesha wengi. Jeraha ni la nyuzi moja au mbili, na hupona ndani ya wiki moja hadi mbili.

La mwisho ni namba ya simu. Majibu huchukua siku, na mgonjwa ameshapanda gari kurudi Ludewa au Ileje ambako mtandao ni wa kilimani tu. Aandikwe kwa namba mbili, yake na ya ndugu aliyemteua mwenyewe, na tarehe ya kurudi iandikwe kwenye kadi yake kabla hajatoka mlangoni.

Wahudumu wa afya ya kinywa na maabara,
Mbeya