Tarehe ya kulipa hawaisahau, ya kulipwa hawaijui

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi niseme machache kuhusu bima za elimu na za akiba. Wengi huku Lamu walizianza zamani, sasa zimekomaa, yaani muda wa kulipwa umefika, na pesa hazionekani.

Kampuni za bima zinajua sana kuhesabu siku. Ukichelewa kulipa mwezi mmoja, ujumbe unaingia kwenye simu. Ukichelewa miwili, unapigiwa na sauti nyororo kutoka Nairobi ikikuonya kwamba bima yako itakatika. Lakini siku bima yenyewe inapokomaa, siku ambayo kampuni iliiandika kwa mkono wake kwenye mkataba, simu kimya. Ni wewe ukajikumbushe, ujaze fomu, upeleke kitambulisho na hati asili, kisha uthibitishe kwamba ulikuwa ukilipa. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mimi nina saiba karibu na Mkunguni. Nachapa, naskani, natuma, kwa hivyo makaratasi ya watu hupitia mikononi mwangu. Bibi mmoja, muuguzi mstaafu, aliniletea mfuko wa nailoni umejaa hati za mshahara, kila mwaka umefungwa kwa raba yake. Nyingine unyevu umezila wino hadi uinue karatasi kwenye mwanga ndipo uone tarakimu. Alikatwa shilingi 2,000 kila mwezi kwa miaka 12, jumla 288,000, ili mjukuu aliyemlea asome. Alipodai, kampuni ikamjibu kwamba kwenye hesabu zake kuna miezi 11 ambayo pesa hazikufika, athibitishe. Mwajiri anasema alikata na akatuma. Kampuni inasema haikupokea.

"Nimekatwa mimi, si wao," aliniambia. "Sasa nithibitishe nini tena, mwanangu?"

Mpango wa kukata pesa kwenye mshahara ni mapatano ya mwajiri na kampuni. Mfanyakazi hutia sahihi mara moja tu, basi, kutoka hapo hana anachoona ila mshahara uliopungua. Pesa zisipofika, kampuni inajua mwezi ule ule, kwa sababu daftari ni lake. Kama ilijua mwaka wa tatu, kwa nini ilinyamaza miaka tisa na kulitoa jambo hilo siku ya kulipa? Ingeandika mapema, muuguzi angekwenda kwa mhasibu wakati mhasibu bado yupo kazini na faili bado iko kabatini. Leo anatumwa kutafuta karatasi kwenye ofisi iliyokwisha kuhama na kubadilisha hata jina.

Na hata tukubali kwamba miezi hiyo 11 ina utata, ile mingine 133 haina ubishi. Kwa nini na hiyo imezuiliwa? Hakuna kifungu nilichokiona kwenye mkataba wake kinachosema ubishi juu ya shilingi 22,000 unaifunga hesabu nzima. Karo haingoji. Shule inataka pesa mwanafunzi anaporipoti, na bibi yule amekopa ili alipie kitu ambacho alikwisha kukilipia.

Wapo pia waliolipa kwa mkono, hasa wenye mikataba mirefu iliyoanza kabla ya M-Pesa kuja mwaka 2007. Ajenti alifika na begi lenye nembo ya kampuni na kitabu cha risiti cha kampuni. Leo ukidai unaambiwa ajenti yule aliacha kazi na baadhi ya malipo hayakuwasilishwa. Hiyo si hoja. Aliyetumwa akipokea, aliyemtuma amepokea, na hiyo ni sheria ya uwakala ya siku zote, si huruma. Kama ajenti alikula pesa, kampuni imtafute yeye.

Nisiwaonee, hata hivyo. Si kila mzozo ni dhuluma. Bima ya akiba si akaunti ya benki: sehemu ya kila unacholipa hugharamia fidia ya kifo, sehemu huenda kwa kamisheni ya ajenti, na kamisheni hiyo huwa nzito miaka ya mwanzo. Ndiyo maana anayeacha mwaka wa kwanza au wa pili mara nyingi hutoka mikono mitupu. Aliyechukua mkopo kwa dhamana ya bima yake hukatwa mkopo pamoja na riba siku ya malipo. Bonasi nayo, ile nyongeza itokanayo na faida, huwa haijaahidiwa mpaka itangazwe. Haya yote yamo kwenye mkataba, lakini mkataba wenyewe ni kurasa nyingi za Kiingereza, na aliyeuleta alisema tu, "Pesa zako zitarudi maradufu." Tena huku kwetu ajenti mara nyingi ni jamaa. Nani atamwambia mtoto wa ami yake, "Hebu nionyeshe kifungu"?

Kifungu cha 7 cha Katiba kinakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, na cha 46 kinampa mtumiaji wa huduma haki ya kupata maelezo yanayomwezesha kufaidika na kile anacholipia. Sioni ugumu wa kampuni inayotangaza redioni kwa Kiswahili kuandika mkataba wake kwa Kiswahili.

Kuna fomu moja ambayo ningependa kila msomaji aiogope. Ni ile unayotia sahihi kukubali malipo, ukikiri kwamba baada ya hapo huna dai tena dhidi ya kampuni. Nimeiona ikitumwa na nafasi ya kiasi ikiwa tupu. Mzee wa watu anaambiwa atie sahihi kwanza, kiasi kitajazwa ofisini. Usithubutu. Kiasi kiandikwe, waonyeshe walivyokipata, ulinganishe na mkataba, kisha ndipo kalamu. Na ukiona kiasi kimepungua, kataa kwa maandishi.

Maandishi ndiyo yanayotupotea. Watu hupiga simu na kutuma jamaa aulize, mwaka unapita. Andika barua, itume kwa njia yenye ushahidi, bakisha nakala. Kampuni isipojibu, andikia Mamlaka ya Kudhibiti Bima na uambatanishe barua yako ya kwanza. Huhitaji wakili kwa hilo wala kusafiri hadi Nairobi. Dai lisilozidi shilingi 1,000,000 laweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, ambako sheria ya 2016 inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60 na mtu anaruhusiwa kujisimamia mwenyewe. Wenye akiba za SACCO, vyama vya akiba na mikopo, wasichanganye, wao mdhibiti wao mara nyingi ni SASRA, mamlaka ya kusimamia vyama hivyo.

Muda nao una hila zake. Dai la mkataba lina miaka 6 ya kulifikisha mahakamani. Kila barua ya "tunashughulikia suala lako" inakula sehemu ya miaka hiyo, na anayeandikiwa hudhani ametendewa wema. Upande wa pili, pesa za bima iliyokomaa zikikaa miaka 2 bila kudaiwa, sheria ya 2011 inaitaka kampuni izikabidhi kwa UFAA, mamlaka ya mali isiyodaiwa. Kwa hivyo mwenye marehemu aliyeacha bima, aulize huko pia asiishie kwa kampuni.

Safari sizielezi sana, wanaoishi Amu, mji wa Lamu, wanazijua. Ni boti hadi Mokowe, basi kupitia Witu na Garsen hadi Malindi au Mombasa, malazi, kisha uambiwe anayehusika yuko likizo. Kampuni iliyoweza kumtuma ajenti hadi mlangoni kwa mtu kuchukua pesa haishindwi kumtuma mtu yule yule kukagua hati.

Ninachoomba kwa mdhibiti wa bima si kikubwa. Kampuni ilazimishwe kumtumia kila mteja taarifa ya mwaka, kwa Kiswahili, ikionyesha miezi iliyolipwa na isiyolipwa. Mwezi ambao kampuni haikuulalamikia mwaka ule, isiruhusiwe kuulalamikia siku ya malipo. Imjulishe mteja miezi mitatu kabla bima haijakomaa, kwa simu ile ile inayotumia kumkumbusha kulipa. Sehemu isiyo na ubishi ilipwe mara moja huku mengine yakichunguzwa, na kila mwezi wa kuchelewa uwe na riba inayomwendea mteja kwa kiwango kile kile ambacho kampuni humtoza akikopa.

Nakala ya barua hii naipeleka pia kwa Mamlaka yenyewe.

Mwenye saiba,
Mkunguni, Lamu