Mama, Baraka asiache Fizikia

Mama mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo Umoja, wewe na Baba na Baraka. Mimi sijambo, ila baridi ya Minneapolis imeanza kuuma masikio.

Jumapili Baraka aliniambia kwamba Januari, akiingia kidato cha tatu, anataka kuacha Fizikia achukue masomo atakayopata A bila jasho. Eti vyuo vya Marekani hutazama wastani tu. Mama, usiku ule sikupata usingizi.

Unajua nafanya kazi saa chache kila wiki katika ofisi ya udahili hapa chuoni, napanga faili za waombaji. Huku si kama kwetu, ambako KCSE moja, mtihani wa mwisho wa sekondari, na pointi za klasta, yaani za masomo yanayohitajika kwa kozi fulani, ndizo zinazokata shauri. Wanaosoma faili hufungua kwanza matokeo ya miaka yote ya sekondari. Kando yake huweka karatasi ya shule inayoeleza masomo yanayofundishwa pale na jinsi alama zinavyotolewa. Kijana ambaye shule yake haina maabara halaumiwi kwa somo ambalo hakufundishwa. Lakini aliyekuwa na mwalimu na maabara, akalikimbia somo, hilo huonekana. Sisemi B ni bora kuliko A. A ya somo gumu ndiyo wanayoitafuta. Ila nimemwona msomaji akirudi mara tatu kwenye Fizikia iliyoanza na D+ ikapanda hadi B, huku A za masomo mepesi akizipita haraka.

SAT nayo, ule mtihani wa kuombea vyuo vya huku, asiidharau. Wakati wa korona vyuo vingi viliacha kuidai, na University of California mpaka leo haiitumii kuamua nani aingie. Lakini MIT, chuo kikuu cha teknolojia, waliirudisha 2022, na chuo cha Dartmouth wakatangaza vivyo hivyo 2024. Na hapo MIT anapopaota Baraka, kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza, hata anayesomea muziki, ni lazima asome Fizikia mihula miwili. Ataingiaje mtu aliyeikimbia? Hata akibaki nyumbani, KUCCPS, wanaowapangia wanafunzi vyuo, hawampeleki mtu kusomea shahada ya uhandisi bila Fizikia.

Unakumbuka mimi niliiacha kwa sababu mwalimu alisema haifai wasichana. Hukuwahi kujua kilichofuata. Muhula wangu wa kwanza huku nilikaa darasani na wenzangu wakichora mishale ya nguvu juu ya kitu kinachoteleza mteremkoni, mimi sijui hata mshale wa kwanza unaanzia wapi. Nilijifunza upya, usiku, peke yangu, na bado inaniuma. Sitaki Baraka aipitie njia hiyo.

Ijumaa nitatuma M-Pesa ya tuisheni ya Fizikia na Hisabati. Tafadhali fomu ya kuchagua masomo isirudishwe shuleni kabla hajaongea nami. Nitapiga Jumamosi saa tatu usiku ya kwenu, awe karibu na simu, na ripoti yake ya muhula huu awe nayo mkononi.

Bintiyo akupendaye,
Wanjiru