Barua kwa Sahibu wa Tanga Juu ya Mbwa Anayetaka Kuachwa

Tudor, Mombasa
3 Oktoba 2024

Sahibu yangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa jamaa wote wa hapo nyumbani. Sisi huku tu wazima, kusi imepungua makali na joto limeanza kurudi taratibu. Barua yako niliipokea nikaisoma mara mbili, na habari ya mwanao kupata kazi Dodoma imenifurahisha kwa dhati. Lakini mna mstari mmoja mle ndani ulionikaa kooni. Umeandika kuwa wapangaji wanaoingia katika nyumba yake hawataki mbwa, na kwamba yule mbwa wake wa ulinzi atabaki hapo hapo mtaani, riziki yake anaijua Mungu. Mwaka jana ningeupita mstari huo kama nipitavyo salamu za majirani. Sasa siwezi, na nataka nikueleze sababu yake kwa kituo, hata kama barua itakuwa ndefu.

Nyumba iliyo nyuma yetu, ile yenye mkungu uani, ilikuwa na wapangaji waliohama mwishoni mwa Mei. Walihama usiku, kama wahamavyo wenye deni la kodi. Kwa siku tatu tulisikia mbwa akilia nyuma ya ukuta, na kila mmoja wetu alidhani kwamba mtu bado yumo ndani na ndiye mwenye kushughulika naye. Siku ya nne kilio kilikatika, na ule ukimya ndio ulionifanya niazime ngazi.

Alikuwa amelala chini ya mkungu, amefungwa shinani kwa kamba ya nailoni ya samawati, ile ambayo wavuvi huitumia kutilia nanga mashua zao. Kwa kulizunguka lile shina alikuwa ameizungusha kamba mpaka ikambakia urefu wa mkono mmoja tu, na sufuria ya maji ilikuwa imepinduka mbele yake, haifikiki kwa shibiri mbili hivi. Ardhi iliyokuwa baina ya pua yake na ile sufuria ilikuwa imechimbwa kwa kucha hadi mizizi ikaonekana. Nimekuwa karani bandarini kwa miaka 30 na nimeona mengi yaliyotelekezwa gatini, lakini ile michirizi ya kucha sijaisahau hata leo.

Wewe unanijua kuwa mimi si mtu wa mbwa. Ni wewe na mimi tuliokuwa tukizunguka njia ya mbali kwenda chuoni ili tusipite penye mbwa wa bohari, na kiatu chako cha kushoto kilipotea katika mbio hizo ukapigwa nyumbani kwa ajili yake. Kwa hiyo usidhani kwamba nilishuka ule ukuta kwa ushujaa. Nilishuka kwa sababu nilikuwa nimekwisha kumwona, na aliyeona hawezi kurudi akasema hakuona.

Nilipoikata kamba alinitia meno kiganjani. Halikuwa jeraha kubwa, matundu mawili tu, na simlaumu, kwani nilimshika penye kidonda. Mke wangu aliniweka mferejini na sabuni ya kipande kwa robo saa nzima kwa kuitazama saa ya ukutani, nami nililalamika kuwa maji yanapotea bure. Baadaye daktari alituambia kwamba ule uoshaji ndio uliokuwa dawa ya kwanza, na kwamba watu wengi huupuuza wakakimbilia kufunga jeraha kwa kitambaa. Kituo cha kwanza nilichokwenda hakikuwa na chanjo ya kichaa cha mbwa, wakaniambia nirudi Jumatatu, jambo ambalo mpaka sasa linaniudhi, maana ugonjwa huo dalili zake zikishatokea karibu hakuna anayepona. Kituo cha pili walikuwa nayo. Nilidungwa siku hiyo, kisha siku ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28, na mbwa naye akawekwa chini ya macho yetu kwa siku 10, kwa kuwa mbwa aliyeuma akibaki mzima muda huo wote, basi alipouma hakuwa na ugonjwa ule mateni mwake. Yakhe, siku 10 hizo nilimtazama yule mnyama kuliko nilivyowahi kumtazama mtu yeyote. Akikohoa, mimi silali.

Daktari wa mifugo alimnyoa shingo ndipo tukaona kuwa ile kamba ilikuwa imezama nyamani, na mabuu wamo ndani yake wakichezacheza. Aliwatoa mmoja mmoja kwa koleo ndogo, akiwahesabu kwa sauti kama mtu anayehesabu punje za mahindi, mpaka akafika 40 na kitu akaacha kuhesabu. Kupe walikuwa masikioni na baina ya vidole. Alimpa dawa ya kupe na ya minyoo na ya kidonda, kisha akaniambia neno ambalo sikulitarajia: nisimshibishe. Mimi nilikuwa nimekwisha kupanga sufuria nzima ya sima na dagaa. Akasema kwamba mnyama aliyekaa na njaa kwa siku nyingi akijazwa tumbo kwa mara moja anaweza kufa kwa kile kile chakula, na kwamba nimpe kidogo kidogo, mara nne au tano kwa siku, kisha niongeze polepole. Akanikataza pia kumpa vidonge vyetu vya maumivu, ambavyo jirani mmoja mwenye huruma alikuwa amekwisha kuvisaga.

Nyumbani, kama unavyoweza kukisia, mjadala haukukosekana. Sisi ni Washafii, na mate ya mbwa kwetu ni najisi ya kuoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mke wangu hakubishana nami sana. Aliweka tu ndoo ya udongo safi kando ya mfereji wa uani, akachora mstari wa chokaa ambao mbwa hatauvuka, na mambo yakaenda. Walionisema walikuwa ni watu wa baraza. Nao walinyamazishwa na imamu wetu, ambaye alipoulizwa aliwakumbusha habari ya yule mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji katika kiatu chake ili amnyweshe mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, akasamehewa dhambi zake. Akaongeza kuwa kukataza kufuga mbwa ndani ya nyumba kwa mapambo ni jambo moja, na kumwacha afe kwa kiu ni jambo jingine kabisa, na kwamba mbwa wa kulinda mifugo na mashamba ameruhusiwa. Neno hilo la mifugo nililiweka moyoni, na ndilo lililonipa njia.

Wajukuu walimwita Nanga kwa sababu ya ile kamba. Kufikia katikati ya Julai alikuwa ameota manyoya shingoni, na daktari akakubali kumchanja na kumfunga kizazi. Hilo la kizazi nilitaka lifanywe kabla hajatoka mikononi mwangu. Jike hupata joto takriban kila miezi 6, mimba yake ni siku 63 hivi, na anaweza kuzaa watoto sita na zaidi kwa mkupuo mmoja. Sikutaka kuokoa mmoja ili nimwache mtu mwingine atupe sita.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Kumtoa mbwa chini ya mkungu kulichukua asubuhi moja. Kumpatia mtu kulichukua wiki saba, na wiki hizo ndizo zilizonichosha. Nilijikuta nimekaa barazani kwangu kama baba anayesikiliza posa ya bintiye. Wa kwanza alikuwa na gereji, na swali lake la kwanza lilikuwa kama mbwa anauma. La pili, kama mnyororo nitampa mimi. Hakuuliza anakula nini. Nilimjibu kuwa tayari ameposwa. Baada yake alikuja kijana na pikipiki aliyetaka watoto wa kuuza, naye aliposikia kuwa kizazi kimefungwa aliondoka na chai yake ikiwa nusu. Walionipa tabu kuwakatalia walikuwa ni mume na mke wachanga, wapole, wenye upendo wa kweli, wakaao ghorofa ya nne kwa mkataba unaokwisha Desemba. Nanga aliwapenda. Lakini niliwauliza wakihama watakwenda naye wapi, wakatazamana, na jibu nikalisoma hapo hapo. Mpaka leo sina hakika kama niliwatendea haki.

Mshenga alitoka nisipotarajia: ni yule muuza madafu wa hapa kwetu, Mdigo, ambaye shangazi yake wa Mtongwe alikuwa amefiwa na mbwa wake mzee na mbuzi wake wakawa wanaibwa mmoja mmoja. Bibi mwenyewe alivuka kivuko akaja hadi Tudor kumwona. Hakumshika wala hakumwita. Aliketi juu ya kigoda akatafuna tambuu yake, na baada ya muda mrefu akaniuliza, «Akiachwa peke yake usiku, hulia?» Nikamwambia kuwa hulia, tena sana. Akasema, «Basi atalala karibu na zizi, asikie mbuzi wakipumua.» Hapo niliona kuwa kikao kimekwisha.

Tulipatana mambo matatu: kwamba hatafungwa mchana, kwamba kila mwaka atapelekwa kuchanjwa na kadi nitaiona, na kwamba katika wiki mbili za kwanza bibi anaweza kumrudisha bila ya kuona haya. Sharti hilo la mwisho ndilo ninalolithamini zaidi, maana mtu akiona haya kurudisha mbwa, humfungulia mlango usiku.

Tuk-tuk mbili zilitukataa. Mwishowe muuza madafu alitia Nanga katika pikapu yake, juu ya madafu, nasi tukashuka hadi kivukoni Likoni saa kumi na moja ya jioni, wakati ambao, kama unakumbuka, mtu hubanwa humo kama dagaa kapuni. Nilisimama kando ya pikapu nimeshika kamba, mpya, ya pamba. Wallahi, watu walitupisha pande zote nne. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nilivuka Likoni nikiwa na nafasi ya kunyoosha mikono.

Bibi hakumtia zizini siku hiyo. Kwa siku nne aliwaacha yeye na mbuzi waonane kupitia ua wa makuti, wanusane, wachokane. Siku ya tano akafungua. Nilikwenda kuwatazama baada ya wiki mbili. Nanga alinijua kutoka mbali, akaja mbio akanilamba kiganja mahali pale pale aliponiuma, nami nikarudi Tudor na mkono mmoja nimeunyoosha mbele kama mgonjwa, ili nikautie udongo.

Sasa tazama huo mstari wako. Mbwa wa mwanao amezoea sahani, lango na sauti moja. Ukimwacha mtaani hatakuwa mbwa koko aliyejifunza tangu utotoni kukwepa magari na mawe. Atakaa nje ya lango lile lile akisubiri lifunguliwe. Na chanjo yake itakwisha nguvu pasiwe na mtu wa kumpeleka kwa nyingine, wakati nchi zetu zinajitahidi kufikia 2030 pasiwe na mtu anayekufa kwa ugonjwa huu, jambo ambalo haliwezekani ila mbwa wasiopungua asilimia 70 wawe wamechanjwa. Sheria nayo haiko kimya: huku kwetu ni Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, na ninyi mna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008. Sikutajii sheria ili nikutishe, sahibu. Najua kuwa mwanao ana haraka, na kwamba wewe umeliandika jambo hilo kwa sababu nawe hukulala nalo vizuri, vinginevyo usingelitaja.

Yule bibi wa Mtongwe ana dada yake Mkinga, si mbali na hapo ulipo, anayefuga mbuzi na kulima mihogo. Nimemtajia habari hii, na amekubali kumuuliza iwapo tutampa maelezo kamili. Basi niandikie upesi: mbwa huyo ana umri gani, ni dume au jike, amehasiwa au kufungwa kizazi au bado, kadi yake ya chanjo iko wapi na tarehe ya mwisho ni ipi, amewahi kuuma mtu au la, na akiona mbuzi hufanyaje. Hilo la mbuzi usilikisie. Mpelekeni penye mbuzi, mmshike kamba, mwone wenyewe. Na mwambie mwanao asimfungulie lango mpaka nipate jibu lako.

Ni mimi sahibu yako wa chuoni,
ambaye kiatu chake hakikupotea.