Maiki inanasa mtetemo kuliko sauti yako? Anza na inavyofungwa

Wateja wengi wakija kukodi maiki wanauliza bei na aina, ila kile kishikio chenye mipira wanakiona pambo tu wanakiacha dukani. Jamani, kelele nyingi zinaingilia hapo hapo, na mfano mzuri kuliko wote uko sayari ya Mars.

Kigari cha NASA, shirika la anga la Marekani, kinachoitwa Perseverance, kilitua kule Februari 2021 kikiwa na maiki mbili. Mwezi uliofuata ikatoka rekodi ya zaidi ya dakika 16 kigari kikiwa kinatembea, na ukiisikiliza ni vyuma vitupu, magurudumu 6 ya chuma yanagonga mawe, na kuna mkwaruzo mkali ambao hata mainjinia wenyewe walikuwa wanatafuta unatokea wapi. Hewa ya kule presha yake haifiki hata asilimia 1 ya hii yetu, kwa hiyo sauti ya hewani inafika hoi, wakati mtetemo unaopita kwenye bodi ya chuma hauhitaji hewa kabisa.

Dawa ni kuining'iniza maiki kwenye mpira au springi, lakini sio mpira laini wowote tu. Kila kishikio kina masafa yake ya kucheza, yaani kinatikisika mara ngapi kwa sekunde (ndo hizo hezi), na mtetemo unaanza kupungua ukivuka kama mara 1.4 ya masafa hayo, ukiwa karibu nayo ndo kwanza kishikio kinauongeza! Kwenye chombo cha anga ni kazi zaidi maana roketi ikiruka inatikisa kila kitu, kishikio laini lazima kifungwe kwanza kisigonge kuta, halafu baridi inaukaza mpira. Ndo maana njia ya uhakika ni kutuliza chanzo chenyewe. Tarehe 30 Aprili 2021 kigari kikiwa kimepaki, maiki ilinasa mvumo wa helikopta ndogo ya Ingenuity, hezi 84, kutoka kama mita 80, na kwenye hewa ile nyepesi hilo ni jambo kubwa sana.

Na waya msiusahau. Mtu anafunga kishikio vizuri kabisa halafu waya anauvuta ukakaza hadi kwenye stendi, mtetemo wote unapita humo, mpira unabaki hauna kazi. Uachie ulegee, ufanye kitanzi kidogo, ndo uubane kwenye stendi.

Kishikio tunakupa pamoja na maiki bila kuongeza hela. Kama ngurumo bado ipo, rekodi ukimya wa chumba chako feni ikiwa imewashwa kisha imezimwa, tutumie tusikilize.