Barua ya Wazi kwa Waziri wa Elimu, Kenya: Ngazi za Shule za Ghorofa

Mheshimiwa Waziri,

Tarehe 3 Februari 2020, watoto zaidi ya kumi wa Shule ya Msingi ya Kakamega walikufa katika mkanyagano kwenye ngazi wakitoka madarasani kwenda nyumbani. Hapakuwa na moto. Sisi tunaoshughulikia njia za dharura za majengo tunakuandikia kwa sababu zoezi la moto shuleni mara nyingi huishia kuhesabu wanafunzi uwanjani, na ngazi walizoshukia hakuna anayezipima.

Tuanze na upana. Ngazi ya sentimita 120 haipitishi watu kwa sentimita zote hizo. Anayeshuka huyumba kidogo kila hatua na hujitenga na ukuta, kwa hiyo tunatoa sentimita 15 kila upande, zinabaki 90. Kila mita ya upana huo hupitisha takriban mtu mmoja kwa sekunde. Ngazi hii basi hushusha kama watu 54 kwa dakika. Wanafunzi 720 walio ghorofani watahitaji zaidi ya dakika 13 kwa ngazi moja, tena kila mmoja akiwa ametulia.

Kupiga kelele "kimbieni!" hakuongezi hata mtu mmoja. Ngazi hupitisha wengi zaidi wakiwa wawili hivi kwa kila mita ya mraba. Wakikaribia wanne, mguu hauna pa kukanyaga na msafara unasimama. Wa nyuma hawaoni kilichotokea mbele, wanazidi kusukuma. Akianguka mmoja, wengine wanamwangukia, na wanaolaliwa hufa kwa kukosa hewa kwa sababu kifua kilichobanwa hakiwezi kupanuka.

Penye shida zaidi ni kwenye vibaraza vya ngazi, yaani sehemu tambarare mbele ya mlango wa kila ghorofa, wanaoshuka wanapokutana na wanaotoka ghorofa hiyo. Mara nyingi huingiliana karibu nusu kwa nusu. Matokeo yake, wa chini hutoka upesi na wa juu kabisa, ambako moshi unaelekea, hukwama. Mwalimu asimame kila kibaraza, pembeni mwa mlango, si katikati ya njia. Moto ukiwa ghorofa ya pili, hiyo ishuke kwanza, ifuatwe na ya tatu. Ya kwanza isubiri mlangoni. Iko chini ya moto, ina muda zaidi. Na kila jioni madarasa yaachiliwe moja baada ya jingine, kwa mpangilio unaojulikana.

Kuna mambo ya fundi pia: vishikio pande zote mbili, taa inayowaka umeme ukikatika, vidato vya ngazi vya kimo kimoja. Kidato kikizidi mwenzake kwa sentimita moja tu, mguu uliokwisha kuzoea kipimo hujikwaa. Grili ya chini isifungwe kufuli wanafunzi wakiwa juu, na madawati mabovu yasirundikwe chini ya ngazi.

Tunaomba waraka wako uagize kila shule ya ghorofa ipime kila ngazi kwa saa, tangu kengele ilie hadi mwanafunzi wa mwisho avuke mlango wa chini, muda huo uandikwe na mkaguzi auone. Muda ukiwa mrefu, idadi ya wanafunzi wa juu ipunguzwe mpaka ngazi ya pili ijengwe. Madarasa ya watoto wadogo, na ya kila mwanafunzi anayetumia kiti cha magurudumu au magongo, yahamishiwe chini muhula huu.